Kura ya Kunong'onezana

Shughuli nzima iligharimu meza moja ya soko la Bwera, mpakani, ile ya mbele karibu na lango, anapopita mnunuzi akiwa bado na hela. Nauli zangu siziingizi kwenye hesabu. Hata mama haziingizi, na yeye huhesabu kila kitu mara mbili.

Mama huuza maharagwe. Wanawake wa upande wao wa soko, kumi na tisa, mara iliyotangulia walimpigia kura mwenyekiti wao kwa mstari: anayemtaka aendelee asimame nyuma yake. Mwenyekiti ndiye hugawa meza, basi aligeuka kutazama, na mstari ukawa mrefu inavyotakiwa. Karatasi zilijaribiwa zamani zikakataliwa, kwa kuwa sanduku lililala nyumbani kwake.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma kompyuta, nikarudi likizo na fumbo la mwalimu wetu: watu watapataje jumla ya namba zao bila yeyote kuonyesha ya kwake? Kwa mtoto wa soko lilikuwa tamu. Muuzaji anaficha bei yake ya mwisho, mnunuzi anaficha alichonacho mfukoni, na bado wanaelewana.

Nikawaeleza. Wa kwanza afikirie namba yoyote, amnong'oneze jirani. Jirani akimtaka mwenyekiti aongeze moja. Asipomtaka aipitishe ilivyo, na anayefuata vivyo hivyo. Ikimrudia wa kwanza, aongeze kura yake, aondoe namba yake ya siri. Inayobaki ndiyo kura.

"Mutu hataona? Hata Mungu?" akauliza mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka.

"Mungu ataona, mama. Mwenyekiti hataona."

"Basi iko muzuri. Mungu hagawi meza."

Mwenyekiti alikubali upesi. Hapo ningepaswa kushtuka: sokoni, anayekubali bei ya kwanza ameona kitu usichokiona.

Alipata kumi na moja, akabaki. Wanane hawakumtaka, na mama, aliyechoka kumpelekea beseni la maharagwe kila mwezi, alitembea siku hiyo kama aliyeuza mbuzi kilema kwa bei ya mzima. Kesho yake akahamishiwa nyuma kabisa, penye mbuzi wenyewe.

Wanawake wale hukaa kwa mpangilio wa meza zao, hata msibani. Kushoto kwa mama palikuwa na mke wa mtoto mmoja wa mwenyekiti, kulia mke wa mwingine. Wa kushoto alimnong'oneza thelathini na nne. Wa kulia akapokea thelathini na nne ile ile. Jioni waliulizana jikoni kwa mama mkwe, nyumbani kwa mwenyekiti, wala hawakuhitaji kompyuta.

"Hesabu yako ilikuwa sawa, mwanangu," mama akasema. "Watu ndio wamezidi."

Nilipanda gari hadi Kasese, kwenye mtandao wa uhakika, nikamwandikia mwalimu, nusu nikiuliza, nusu nikilalamika. Akanipigia.

"Majirani kula njama ni tatizo la kweli, watu wanalifanyia utafiti. Wenzako huniletea mifano ya vitabuni. Wewe umeniletea wakwe. Njoo tufanye kazi. Posho hakuna."

"Hata nauli, mwalimu?"

"Hata nauli."

"Chai?"

"Chai ipo."

Ndivyo nilivyoingia kwenye utafiti wa siri na namba. Sasa najua dawa: kila mtu aivunje kura yake, moja au sifuri, vipande vitatu vya kubuni vyenye jumla hiyo, kila kipande kizunguke kwa mpangilio tofauti wa kukaa, majirani wawili wabaki na kipande tu. Kwenye simu ni kufumba na kufumbua. Lakini simu nyingi pale ni za waume na watoto, na tulipojaribu kwa mdomo, mzunguko wa pili mama wa Butembo alisahau, akasema, "Weka tu makumi tatu, twende."

Kura nyingine inakaribia. Mama bado hamtaki mwenyekiti, na safari hii anataka kulisema bila kuhamishwa tena. Kwa hiyo naomba ushauri, wasomaji: kama kwenu mna njia ya kuhesabu ambayo majirani wawili hawawezi kuivujisha, isiyohitaji simu wala kumbukumbu ndefu, nielezeni inavyofanyika, na nani hukaa karibu na nani.