Stendi ya Kamera na Nguo za Kupunguzia Bei

Aliyeniambia ukweli kuhusu kipaji changu ni mama mmoja jirani yetu, hapa hapa Ilala, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa nimemrekodia video ya harusi ya binti yake wa kwanza, bure, kwa mapenzi na sahani mbili za pilau. Aliiangalia yote kwenye simu, akaniita uani, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii ni harusi au tetemeko la ardhi?"

Ukweli ni kwamba baba wa binti alipoushika mkono wa bwana harusi na kutamka maneno ya kumwozesha, mimi nililia. Si machozi ya kistaarabu, kilio cha mabega. Na kwa kuwa kamera nilikuwa nimeishika mkononi, nayo ililia. Kuanzia hapo sheikh ana vichwa viwili, na bwana harusi anaonekana kama mtu anayeoa akiwa juu ya punda.

Sasa mama alikuwa anamwozesha binti wa pili. "Nakujaribu tena," akasema, "na safari hii nakulipa. Lakini picha ikitetemeka, usije kunililia. Nitawaambia wenzangu wote wa kikoba, na wewe utapiga picha za pasipoti mpaka uzeeke."

Asiyekaa mtaani kwetu hawezi kujua uzito wa tishio hilo. Sheikh anafungisha ndoa tu. Wamama wa kikoba, hao wanaowekeana na kukopeshana hela, ndio wanaoamua nani apike, nani apige muziki na nani ashike kamera. Wakikukataa hao, kipaji chako kawaonyeshe mbuzi.

Basi nilihitaji stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, na harusi ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na elfu tisini, niliyoikusanya kwa kupiga picha watoto wa chekechea waliokataa kucheka. Katika mawazo yangu nilikuwa tayari mwongozaji mkubwa wa filamu. Kilichokuwa kimebaki ni filamu yenyewe.

Kariakoo bei haisomwi kwenye bidhaa, inasomwa usoni kwa mteja. Ukienda umevaa saa nzuri, hiyo saa utailipia mara ya pili. Dawa yake kwetu kila mtu anaijua: unavaa vibaya. Kila nyumba ina nguo zake za kwendea Kariakoo, zinatundikwa nyuma ya mlango, na mtu akizivaa hata watoto wanajua leo kunanunuliwa kitu cha maana. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini elimu hii naweza kuifundisha.

Kosa langu ni kwamba nilitaka kufaulu kwa alama zote. Shati nilichukua lile tunalofutia baiskeli. Kandambili nilivaa za rangi mbili, bluu kulia, nyekundu kushoto. Nywele sikuchana. Nilipojitazama kwenye kioo nilijionea huruma, nikasema hapa hata mwenye duka katili atashusha bei mwenyewe. Kitu ambacho sikukitazama ni kalenda. Ilikuwa Ijumaa.

Dalili ya kwanza walinipa mawinga, wale vijana wanaokudaka barabarani, wanakupeleka kwenye duka la mtu mwingine na kuongeza chao juu ya bei. Siku za kawaida wanakuvuta mkono mpaka bega linauma. Siku hiyo nilipita katikati yao kama upepo. Mmoja tu alinihurumia.

"Broo," akaniambia, "chupa tupu wanapima kule nyuma."

Nikacheka. Nikaona nguo zinafanya kazi.

Duka la vifaa vya picha nililoelekezwa lilikuwa la mzee mmoja wa Kiarabu. Nje nilikuta foleni ya watu kumi hivi, wengi wao akina bibi. Nikajisemea, duka hili zuri, lina wateja. Nikapanga foleni. Foleni ilikwenda haraka ajabu, na hata hilo halikunishtua. Zamu yangu ilipofika, nilimkuta mzee kakaa mlangoni, kanzu nyeupe, kikombe cha kahawa pembeni, na sahani ya sarafu mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chukua. Utuombee dua, na uwapishe wenzio."

Nikatazama kiganjani. Shilingi mia mbili. Ndipo Ijumaa ikaniingia kichwani, yote, pamoja na adhana yake. Hii ndiyo siku ambayo wenye maduka hutoa sadaka, na maskini wa mji mzima wanajua mlango gani unatoa nini. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nikiwa nimevaa vibaya kuliko wote.

Nilipata aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nyuma yangu alikuwa bibi mwenye fimbo, nikamtia sarafu ile mkononi. Nilidhani atanibariki. Akanitazama kandambili, akanitazama uso.

"We mgeni kwenye kazi hii, eeh?" akasema. "Hatugawiani hapa. Kila mtu na chake." Lakini hakurudisha.

Nikamgeukia mzee. "Mzee wangu, samahani. Mimi nimekuja kununua stendi ya kamera."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Ijumaa hii nimeona mengi," akasema. "Ombaomba wa video bado nilikuwa sijamwona. Ingia."

Ndani alinitolea stendi mbili. Ya kwanza nyeusi, nyepesi, inang'aa, ina mfuko wake wa kubebea na kidude cha kupigia picha kwa mbali, bei elfu arobaini. Moyo wangu uliolewa palepale. Nilijiona nimeibeba begani, wamama wa kikoba wakinong'onezana. Ya pili ilikuwa ya chuma, kuukuu, imetoka studio iliyofungwa. Rangi imebanduka, na mguu mmoja umevikwa mpira wa ncha ya mkongojo. Laki na thelathini.

"Hii nyeusi inatosha," nikasema.

Mzee hakubishana. Alichukua kikombe chake cha kahawa, akakiweka juu ya kile kibao cha kufungia kamera, kwenye ile nyeusi, kisha akapiga sakafu kwa mguu mara moja. Kahawa yote ikamwagika. Akajaza kingine, akakiweka juu ya ile ya chuma. Akapiga mguu mara tatu, mpaka vumbi likaanguka kwenye rafu. Kahawa ilitikisika kidogo kama mtu anayejigeuza usingizini, ikatulia.

"Ile inapendeza," akasema. "Hii inasimama. Unakwenda kurekodi nini?"

"Harusi. Kwenye jukwaa la mbao."

"Na wanawake watacheza?"

"Watacheza, mzee."

"Basi unajua mwenyewe."

Nikaanza kazi iliyonileta. Nikalegeza shingo, nikapunguza sauti. Nikamweleza hali ngumu, mama mgonjwa (mama yangu mzima kabisa, Mungu anisamehe), siku mbili sijala vizuri. Nikamwomba aniachie kwa sabini.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yakalainika. Kisha akakunja ile stendi ya chuma na kuirudisha nyuma ya kabati.

"Sikuuzii," akasema.

"Mzee?"

"Mtu mwenye njaa nimuuzie chuma? Dhambi hiyo nitaandikiwa mimi. Hiyo sabini kanunue unga na dawa ya mama. Kamera itakungoja."

Nimewahi kunyimwa vitu kwa sababu sina hela, nimezoea. Hii ilikuwa mara ya kwanza kunyimwa kitu kwa sababu nimeaminiwa.

"Mimi si maskini hivyo, mzee," nikasema.

"Maskini wa kiasi gani?"

"Wa... wa kawaida."

"Na mama?"

"Mama hajambo. Asubuhi kanifukuza na mwiko."

Nikatoa hela yote, elfu tisini, nikaiweka mezani. Mbele ya macho yale sikuweza kutoa sabini na kuficha iliyobaki. Mzee aliitazama, akalitazama shati langu, akatikisa kichwa.

"Mnavaa hivi makusudi," akasema. "Mnakuja hivi kila siku. Sasa mimi nitajuaje yupi wa kumpa na yupi wa kumuuzia? Yule bibi mwenye fimbo kila Ijumaa nampa kwa wasiwasi, kwa sababu yenu nyie."

Nikazitazama kandambili zangu, bluu na nyekundu.

"Lete tisini," akasema. "Na ungekuja na shati lako la kweli, tukaongea kama watu, ningekupa kwa themanini. Hiyo kumi ni ya mama mgonjwa. Na ile mia mbili uliyompa bibi, thawabu ni yangu. Wewe uliibeba tu."

Nilirudi Ilala kwa miguu, chuma begani. Kilikuwa kizito kama mlango.

Jumapili alasiri wanawake walipanda jukwaani kumtunza bibi harusi kwa noti, vitenge juu juu, na mbao zikaanza kuruka. Keki ilihama meza. Mimi, kama kawaida, nililia. Stendi haikulia. Niliielekeza kwa maharusi, nikakaza skrubu, na kwa kuwa ilikuwa nzito na nilikuwa nafuta machozi, sikuigeuza tena.

Jumatatu mama wa bibi harusi aliangalia video yote, mimi nimesimama mbele yake kama mshtakiwa. Hakuna kilichotetemeka. "Imetulia," akasema, na roho yangu ikarudi mahali pake. Kisha akairudisha nyuma, akaiangalia tena akiwa ameisogeza karibu na pua.

"Mimi niko wapi?"

"Uko kushoto, mama. Kwa nje kidogo. Lakini unasikika. Hicho kigelegele ni chako."

"Kigelegele!" Akanyanyuka. "Gauni nimeshonesha kwa fundi wa mjini nije niwe kigelegele? Kesho saa nne, uje na hilo lichuma lako."

Jumanne saa nne nilikuta kavaa gauni, dhahabu, kilemba na viatu vya mchuchumio, kasimama katikati ya uani. Nikafunga kamera. Akaimba mwenyewe, akacheza mwenyewe, mara akimtunza mtu ambaye hayupo, na nyuma yake jirani akiendelea kuparua samaki bila kuinua kichwa. Nilimrekodi mpaka jasho likamharibu wanja.

Kipande hicho nimekiunganisha. Ukiitazama harusi ile, katikati ya ukumbi na mataa yake, ghafla kuna jua kali, beseni la vibua, na mama anacheza bila mpinzani. Wenzake wa kikoba wameiona. Wawili wameshanipa kazi, na wote wawili wameuliza swali moja: kama baada ya harusi nitawafuata na wao uani.