Vitambaa Kwenye Nguzo ya Kilimani

Tangu nimalize chuo bila kupata kazi, Jumamosi zangu huwa napanda vilima vya Kwale na ramani ya zamani, nikitafuta nguzo za saruji za wapima ardhi. Nikiikuta moja naigusa, naiandika daftarini, nashuka.

Jumamosi iliyopita palikuwa na ukungu mwepesi, na bahari ya Diani ilionekana kama inaelea angani. Niliigusa nguzo kabla sijaona kwamba imefungwa vitambaa vyeupe na vyekundu. Mimi mtu wa bara nilikuwa nimeambiwa kuwa mizimu ya huku hufungiwa vitambaa hivyo. Na Jumatatu nilikuwa na usaili ofisi ya upimaji! Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikaomba radhi kwa sauti, nikaiachia muhogo wangu wa kuchemsha. Upepo ukanipapasa shingoni, nikahisi nimesamehewa.

Jumatatu nikamwamkia mkuu wa ofisi.

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akinitazama sana. “Jumamosi nilikuwa kilima cha pili na darubini, naipima nguzo niliyoifunga vitambaa ionekane kwa mbali. Nilisubiri nusu saa umalize dua zako. Ule muhogo ulimwachia nani?”