Rafiki Yangu Anakaa Chini ya Shule

Mwaka ule nilikuwa nafundisha Kiingereza darasa la pili, katika shule ndogo ya binafsi huko Kinyinya, ambako kila wiki jirani mmoja au mwingine alikuwa anachimba msingi. Wazazi walituletea watoto kwa jambo moja: watoke wanaongea Kiingereza. Mimi nilikulia Bukoba, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima, na Kinyarwanda changu hadi leo kinawachekesha wauza mboga. Kiingereza ndicho kilichonipa heshima mjini, nami nilikishikilia kwa mikono miwili.

Sheria ya darasa niliiandika mwenyewe ukutani: humu ndani hakuna Kinyarwanda. Aliyeteleza alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka mwenzake naye ateleze.

Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha asubuhi. Baada ya mapumziko, mwalimu mkuu aliingia na daftari lake, akaketi nyuma kunisikiliza. Nikaona dawati moja tupu, la wasichana wawili walioshikana kama kurwa na doto. Sikujali. Nilikuwa na somo la kuonyesha: juu ya meza, chini ya meza, ndani ya sanduku.

Mmoja wao akatokea mlangoni, anahema, viatu vimejaa tope. Kibao kilikuwa shingoni mwake tangu asubuhi.

“Mwarimu,” alianza, kwa Kinyarwanda.

Nikainua kidole. “Kiingereza.”

Yaliyofuata tuliyasema kwa Kiingereza, na nayakumbuka neno kwa neno.

“Rafiki yangu,” alisema.

“Vizuri. Rafiki yako anafanya nini?”

Akatafuta neno. Nilikuwa nimewafundisha kusimama, kukaa, kuruka na kuimba. Kwenye kuanguka tulikuwa hatujafika.

“Rafiki yangu anakaa.”

“Anakaa wapi?”

“Chini.”

“Chini ya nini? Sentensi kamili.”

“Rafiki yangu anakaa chini ya shule.”

Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamtazama mwalimu mkuu, naye akatabasamu na kuandika kitu. Nikamwambia mtoto akae, sentensi yake tutaisahihisha pamoja.

Hakukaa. Alishika kile kibao kwa mikono yote miwili, akapiga kelele: “Yaguye mu cyobo! Amazi!”

Ameanguka shimoni. Maji.

Sikumbuki nilitokaje darasani. Nyuma ya vyoo kulikuwa na shimo la vyoo vipya, refu kunipita, na kamba iliyolizunguka ilikuwa imelala kwenye tope. Msichana alikuwa amesimama humo, maji ya kahawia yamemfika kifuani. Mkono mmoja ulishika nondo iliyochomoza ukutani, mwingine ulining'inia vibaya. Alikuwa halii. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nililala kifudifudi, nikamrushia ncha ya kitenge changu. Haikumfikia. Kipande cha udongo kikameguka chini ya kiwiko changu, kikadondoka majini karibu na kichwa chake, naye akafumba macho. Hapo nikaita watu kwa nguvu zangu zote, na lugha iliyonitoka ilikuwa Kiswahili, ile niliyolia nayo nikiwa mtoto.

Fundi aliyekuwa anajenga ukuta wa jirani aliruka uzio na ngazi ya miti begani. “Mwalimu, toka hapo! Udongo iko inabomoka!”

Alishusha ngazi, ikazama kwenye tope. Akaivuta, akaishusha upande wa pili, akateremka. Mwalimu mkuu na mimi tuliishikilia juu. Nilisikia fundi anambembeleza mtoto aachie nondo, na mtoto hakubali. Kisha kichwa kidogo chenye tope kikaibuka begani kwa fundi.

Mkono ulikuwa umevunjika. Hospitalini nilimngoja mama yake, fundi cherehani, aliyekuja na futi bado shingoni. Aliuliza mtoto amekaa majini muda gani. Ningeweza kusema sijui.

“Mwenzake alikuja kuniambia,” nikamjibu, “nikamtaka aseme kwa Kiingereza.”

Aliivua futi shingoni. “Hata mimi nyumbani namkataza Kinyarwanda,” alisema mwishowe, na hakunitazama tena.

Shimo lilifunikwa kwa mbao kesho yake. Mwalimu mkuu aliamuru sheria ibaki. Aliniambia wazazi wakisikia tumelegeza watahamisha watoto, na kwamba ajali ni ajali. Hata hivyo nilikitupa kibao, nikafuta maandishi ya ukutani, nikasubiri kuitwa ofisini.

Yule aliyeleta habari hakusema neno darasani kwangu kwa wiki nyingi, la lugha yoyote. Nilipopiga magoti kando ya dawati lake kumwomba radhi kwa Kinyarwanda changu kibovu, alitazama mlangoni kwanza, kuona kama kuna anayesikia. Kisha akatikisa kichwa, na sikujua kama amenisamehe au anakataa.

Rafiki yake alirudi na mkono umefungwa plasta. Wakaketi dawati lao, wakaanza kunong'ona, kisha wakaongea kwa sauti, Kinyarwanda kitupu, katikati ya somo langu. Nilisikia nyayo za mwalimu mkuu zinakuja kibarazani. Sikuwanyamazisha. Nilienda nikasimama mlangoni, nikamzibia njia.