Soksi Mikononi

Shemeji yangu ananyoosha nguo za watu kwa pasi, kwenye duka la dobi tunakofanya kazi pamoja. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Ni kiziwi tangu utotoni. Mkewe, dada yangu niliyemfuata kuzaliwa, alifariki wiki ileile aliyojifungua, akamwachia binti mwenye masikio ya kusikia hata mlango wa jirani ukifungwa. Tangu mazishi mimi sikulia. Watu walisema nimepiga moyo konde. Konde gani? Ilikuwa ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa vibaya. Nilikula, nikafua, nikalala.

Mtoto tulimwita Kifungo, kwa udogo wake. Shida yetu haikufichika: akilia, babake hasikii. Shemeji akafunga uzi, ncha moja kwenye blanketi la mtoto, nyingine kwenye mkono wake, ili Kifungo akirusha miguu naye ashtuke. Nilimtania kwa ishara kwamba amemfunga binti yake kama kuku mgeni. Hakucheka. Siku zile naye akili yake haikuwepo sana.

Alichofanya bila kuchoka ni kumfundisha ishara. Mtoto hata kukaa hajaweza, tayari anaongeleshwa kwa mikono. Kabla ya kupewa chupa, babake anafumba na kufumbua kiganja: maziwa. Chupa inaletwa, kiganja kinarudia. Niliona anampigia mbuzi gitaa. Kisha asubuhi moja, ndani ya kapu la nguo tulimozoea kumlaza, Kifungo akamkazia babake macho, akafumba kiganja, akafumbua. Shemeji aliisahau pasi juu ya shati la mteja mpaka likatoa moshi.

Basi Kifungo akaacha kulia. Amlilie nani? Akitaka kitu alitafuta kwanza uso wa mtu, ndipo akainua mikono.

Dada yetu mkubwa hakupendezwa. Kifungo alipoanza kutambaa, dada alisema mtoto mwenye masikio mazima anafanywa bubu, hata kulia hajui, na siku akipaliwa babake amempa kisogo, nani atajua? Hoja hiyo ya mwisho ilikuwa na uzito, sikatai. Ndugu wakakaa, wakaamua Kifungo akakae kwa dada mkubwa hadi mwisho wa mwezi. Akibadilika, abaki hukohuko. Mimi ndiye niliyemtafsiria shemeji. Alitazama mikono yangu hadi mwisho, akarudi kwenye pasi yake. Nami sikuhisi kitu. Nilitafsiri kama mtu anayetaja bei dukani.

Mwezi ulipoisha tukaenda kusikia uamuzi. Dada alitupokea kwa furaha, akaniambia mtoto sasa analia kama watoto wengine. Kifungo alikuwa amekaa sakafuni sebuleni, amevalishwa soksi mikononi, zimefungwa kwa utepe. Niliuliza soksi za nini. Dada akasema mtoto alikuja na tabia mbaya ya kusugua ngumi kwenye kiganja, kutwa nzima, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alipovalishwa alilia sana, kisha akazoea.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akamalizia.

Shemeji alipiga magoti, akafungua tepe, akazivua soksi, akazikunja pamoja vizuri kama za mteja. Kifungo aliviangalia vidole vyake. Kisha akamtazama babake, akafunga ngumi na kuipitisha juu ya kiganja, kwenda na kurudi.

"Unaona?" dada akasema. "Ameanza tena."

"Hiyo ni pasi, dada. Ndilo jina la babake kwa ishara. Alikuwa anamwita."

Dada alitafuta kiti, akakaa. 

"Siku zote hizo?"

 Dada mwenyewe akainuka, akafunga begi la mtoto bila kuambiwa na mtu, akaniomba nimwonyeshe maziwa yanasemwaje, ili siku Kifungo akija kumtembelea asikae na njaa. Nimegombana na dada huyu tangu tukiwa wadogo, tukigombania hata upande wa kitanda. Siku hiyo nilitafuta hasira nikaikosa.

Njiani shemeji alitangulia, Kifungo begani mwake, uso umenielekea mimi niliyekuwa nyuma na begi. Hatujafika mbali ganzi ikaniachia. Nililia kwa sauti, katikati ya barabara, nikimlilia marehemu dada yangu kwa mara ya kwanza. Wapita njia waligeuka. Shemeji aliendelea kutembea.

Kifungo alinitazama. Akainua vidole viwili vya shahada, akavigonganisha ncha kwa ncha. Ndivyo babake humuuliza akianguka: panauma?

Nikaweka begi chini, nikamjibu kwa mikono kwamba ndiyo, panauma.