Dawa ya Panya

Saa mbili na dakika kumi asubuhi dada yangu alinipigia simu kutoka Masafu, akaniambia anauza ng'ombe wake mtamba anunue dawa; mnunuzi angefika adhuhuri. Nilifunga karakana yangu ya kutengeneza mizani hapa Tororo, nikaenda.

Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa, akatolewa uvimbe wa saratani kwenye titi. Tangu hapo hofu yake ilikuwa moja: usije ukarudi. Sasa mchuuzi mmoja wa Busia, upande wa Kenya, alimwahidi unga wa kunywa wa kuuzuia, tena akamtumia kwenye simu kurasa za utafiti ziwe ushahidi. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi, kwa hiyo nasoma polepole. Nilikaa uani nikasoma mpaka nikaelewa.

Watafiti waliwapandikiza panya uvimbe, wakaukata, wakabakiza kipande kidogo makusudi, kama kinavyoweza kumponyoka daktari. Kabla ya kushona walipaka dawa ndani ya kidonda. Kisha wakangoja kuona ni panya yupi uvimbe utamrudia.

"Dada," nikasema, "hii ni dawa ya panya."

Akaruka. "Sumu! Kumbe anataka kuniua?"

"Si ile ya ghalani. Waliotibiwa humu ni panya, si watu."

Shemeji, mume wake, akacheka. "Na unga wenyewe unavushwa njia ya panya, forodha wasiuone. Kila kitu panya tu!"

Dada hakucheka. "Hao panya walipona?"

"Baadhi. Lakini dawa yao ilipakwa kidondani siku ileile ya kupasuliwa. Hawakuinywa. Na unga hautajwi popote."

Akagusa kovu juu ya gauni. "Kwa hiyo dawa ipo, ila mimi nimechelewa."

Nilikuja kumwondolea uongo, na nilimwondolea pia tumaini lililokuwa likimpa usingizi. Nilichoweza kusema ni kwamba hata hiyo haijathibitishwa kwa watu, na kwamba siku ya kupimwa aliyoiruka kwa woga tungeiomba upya, twende wote.

"Utaingia na mimi mpaka ndani?"

"Mpaka ndani."

Mnunuzi alipofika, dada alimkaribisha chai, akamwambia ng'ombe hauzwi. Mchuuzi alipiga simu mara kadhaa, shemeji akaizima. Bei ya unga, ambayo ingemeza mtamba mzima, ilikuwa shilingi laki tisa za Uganda.