Sauti Anayoiacha Ofisini

Mume wangu analipwa mshahara kwa kusema pole. Anayebisha aje aniulize mimi ninayempigia pasi mashati ya kwendea kazini. Kitambulisho chake kimeandikwa Afisa wa Uhusiano Mwema, na kampuni yenyewe inauza taa za sola huku kwetu, kuanzia Migori mpaka visiwani. Taa ikigoma, mteja hupiga simu. Akianza kutukana, wasichana wa mapokezi humhamishia kwa mume wangu. Yeye husikiliza, husema pole, na mtu aliyekuwa anatishia kwenda kuwaanika redioni huishia kumwombea baraka.

Niliona wivu. Sikuwa na shida na kazi yake, shida yangu ilikuwa wateja wake. Nimeona wanawake wakiwaonea wivu makarani, wahudumu wa hoteli, hata wake wenza waliokwisha kufa. Mimi niliwaonea wivu watu ambao betri zao hazishiki chaji.

Nina kibanda cha kushonea nguo nyuma ya soko la Migori, na kibanda cha fundi ni mahali pa kusikia mengi. Wateja wangu wa kike, nikiwapima kiuno, walinionya bila kuulizwa. "Mwanaume wa kazi ya mdomo huyo, mshike vizuri," mmoja aliniambia. "Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mjane." Wanaume nao walimwona nusu ya mtu. Kwao kazi ya mwanaume ina jasho, au ina gari, au ina bunduki. Kupokea wageni, kutabasamu kwenye picha na kuandika salamu za rambirambi ni kazi ya msichana mrembo aliyetoka chuo juzi. Waliwahi kumuuliza mbele yangu kama naye hupaka rangi ya mdomo siku za mikutano.

Kwa hiyo wanawake walimwona mwanaume kupita kiasi, na wanaume wakamwona hajafika. Mimi niliyeolewa naye nilipata mtu wa tatu, mtu wa kunyamaza. Angeingia jioni, avue viatu, aulize maji ya kuoga, kisha aketi. Nikimwambia cherehani imenisumbua mchana kutwa, ananijibu "Mm." Nikimwambia binti yetu amesifiwa na mwalimu, ananijibu "Sawa."

Hakuwa hivyo zamani. Alipokuwa hana kazi tuliongea mpaka chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Hata alipoajiriwa alikuwa akinisimulia habari za wateja, akiwaigiza, tukicheka. Siku aliyonyamaza naijua, kwa sababu nilikuwepo.

Ilikuwa Desemba, tumekwenda kwao Sori kwa likizo. Wanaume walikuwa wameketi sebuleni kwa mama mkwe wangu, wakisubiri chakula. Kati yao alikuwa kaka yake mkubwa, mchimba dhahabu wa Masara, mtu mwenye mikono mipana na kucha zilizopasuka, ambaye akicheka nyumba nzima hucheka naye. Niliingia na sinia la ugali na samaki, zito, jasho likinitiririka. Mume wangu akasimama. Nadhani ni mazoea tu ya kazini. Alinipokea sinia, akaliweka mezani, akaniambia, "Asante. Pole kwa kazi."

Nyumba ikapasuka kwa kicheko.

"Omera, ndugu yangu, hapa si ofisi!" kaka yake alisema, akijipiga paja. "Keti chini, wewe ndiye mgeni." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, utuwie radhi. Sisi tulipeleka kijana chuo, wakaturudishia nyako."

Nyako ni msichana. Vijana walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mama mkwe wangu alicheka pia, amejiziba mdomo kwa leso, bila ubaya wowote. Mume wangu alitabasamu lile tabasamu la kwenye picha za kampuni. Halafu akaketi, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwake akaniambia, "Unasimama nini? Leta maji watu wanawe."

Nilileta maji. Nilimnawisha kaka yake, nikawanawisha wengine, nikamnawisha na yeye. Hakuniangalia. Baadaye jikoni mama mkwe wangu aliniambia, "Nyar Ndhiwa, usijali, wanaume hutaniana hivyo." Nyar Ndhiwa ndiye mimi, binti wa Ndhiwa, hivyo ndivyo wanavyoniita huko. Nikamwambia sijali, na nilikuwa nadanganya.

Tuliporudi Migori alikuwa ameshafunga mdomo. Nilimwacha apoe, nikasema litapita. Halikupita. Na ningelivumilia kama angekuwa bubu kwa watu wote, lakini haikuwa hivyo.

Miezi michache baadaye kampuni iliandaa mkutano wa wateja Homa Bay. Nilikuwa nimeshona aproni za vikundi vya kina mama, nikaenda nazo mwenyewe. Nilikuwa nazigawa pembeni ya hema nilipomwona mume wangu amechuchumaa kwenye vumbi, na ile suruali niliyoinyoosha mistari asubuhi, mbele ya bibi mmoja mzee aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Bibi alikuwa ametoka kisiwani kulalamika. Taa yake ilizima wakati maiti ya mumewe iko ndani ya nyumba.

"Mos, mama," mume wangu akamwambia, yaani pole. Akamshika mikono yote miwili. Hakutaja betri. Alimuuliza mzee alikuwa mtu wa namna gani, alipenda kuketi wapi, na siku hizi nani anampikia yeye. Bibi akaeleza. Akaeleza mpaka akacheka kidogo, machozi yakimtoka. Kisha mume wangu akauliza, "Na yule mjukuu uliyeniambia kwenye simu anakohoa, amepona?"

Amemkumbuka mjukuu! Mimi mwenyewe wiki ile nilikuwa nakohoa mpaka mbavu zinauma. Alijua. Aliniletea dawa, akaiweka mezani, akapita. Nilisimama pale na aproni mikononi, nikimwonea wivu bibi kizee aliyefiwa. Nilitamani niwe mimi niliyefiwa, na mume mwenyewe yuko pale mbele yangu mzima wa afya.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Yule mama ni nani?"

"Mteja."

"Ulimshika mikono."

"Ni kazi," akasema, akageukia dirishani.

Jirani yangu wa kibanda ana saluni. Ni Mkuria, mcheshi, na masikio yake yamezoea siri za watu. Nilipomweleza mambo ya Homa Bay hakunionea huruma hata kidogo. "Kinyozi hajinyoi," akasema. "Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kama anasikiliza wateja, si uwe mteja?"

Alikuwa anatania. Ila alikuwa na taa ya kampuni hiyo, aliyomwekea mama yake kule kwao karibu na mpaka, na simu yenye namba iliyosajiliwa kwa taa hiyo ilikuwa mfukoni mwake. Wateja wangu wengi ni kina mama wa Kikuria, nawajua wanavyosema Kiswahili chao. Mchana mmoja, mashine ya kukaushia nywele ikivuma na leso ikiwa mdomoni kubadili sauti, nilipiga.

Ilinibidi nitukane kwanza. Bila matusi hufikishwi kwa mume wangu. Msichana wa mapokezi aliponichoka, nikasikia sauti.

"Habari ya mchana, mama. Pole sana kwa usumbufu." Akanitajia jina lake, kana kwamba silijui. "Niambie, nakusikiliza."

Nakusikiliza! Nusura nikate. Nikasema taa haiwaki vizuri. Akaniuliza kama ile sahani ya sola juu ya paa ina vumbi, kama kuna mti unaoitia kivuli. Hakuwa na haraka. Halafu akauliza, "Mzee hawezi kupanda aipanguse?"

Sikupanga kusema nilichosema. "Mzee wangu hata hanisemeshi, atapanda paa kwa ajili ya taa?"

Akaacha habari za taa. "Amekuwa hivyo tangu lini, mama?"

Nilimwambia. Nikamwambia anarudi, anakula, ananyamaza, na watu wa nje anawachekea. Nikamwambia mtu unaweza kuzeeka ukiishi na 'mm'. Alisikiliza yote, na mara moja moja akasema "pole", polepole, na kila pole iliniingia mahali ilipotakiwa.

"Mama, nikuambie kama mtoto wako," akasema mwishowe, ameshusha sauti. "Watu wa nje ni rahisi. Hata mimi hapa, hii kazi yangu wanasema ni ya wasichana. Ndugu zangu wananicheka. Sasa nikifika nyumbani, naogopa nikiongea na mke wangu vizuri hivi, itakuwa ni kweli ile kitu wanasema. So nanyamaza tu. Kunyamaza angalau hakuna mtu anaweza kusema ni mambo ya kike."

Nikaikaza leso mdomoni. "Na yeye umemwambia hayo?"

"Bado."

"Na mimi umeniambia kwa nini?"

Akacheka kidogo. "Wewe huwezi kunicheka, mama. Hunijui."

Kisha akarudi kwenye taa. Akasema atanipigia kesho kujua kama imewaka, na kuhusu mzee nimuulize mwenyewe kinachomsumbua, pengine anangoja aulizwe. Akaniaga kwa heshima zote.

Jirani yangu alizima mashine akaniuliza mbona nalia wakati kazi imefanyika. Sikuweza kumweleza. Nilikuwa na wivu mkali kuliko ule wa Homa Bay, na safari hii ulikuwa wivu juu ya yule mama wa Kikuria niliyemtunga mwenyewe. Hakumpikia mume wangu hata siku moja. Hakumzalia. Kwa simu moja alipewa kile nilichokuwa nimekizungukia nyumba nzima nikikitafuta, na mtu mwenyewe hata hayupo duniani! Ningempata ningemkwaruza uso.

Jioni nilifuata ushauri wa afisa. Alipokwisha kuoga nikakaa karibu naye, nikamuuliza taratibu, "Kuna kitu kinakusumbua? Kazini wanakucheka?"

Akainua kichwa haraka. "Nani amesema?"

"Hakuna. Nauliza tu kama mke wako."

Aliniangalia. Niliona mdomo wake ukitaka kufunguka, naapa niliuona. Mlangoni pa jirani wanaume walikuwa wanapita, wakiongea kwa sauti kubwa. Akauma midomo.

"Niletee chai," akasema.

Nikamletea chai.

Kesho yake nilikwenda saluni mapema nikakaa. Jirani yangu alikuwa anamsuka mteja, simu iko mbele ya kioo. Ilipolia akanirushia bila kuuliza.

"Habari ya leo, mama. Taa imewaka?"

"Imewaka."

"Nafurahi sana. Na mzee, ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

Nilitoa leso mdomoni. "Akasema nimletee chai," nikamwambia, kwa sauti yangu mwenyewe, ile ya kwetu Ndhiwa.

Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake vicheko vya wanaume wa ofisini, wanacheka mambo yao. Alikuwa amenijua. Ukimya ule niliufahamu, nimelala kando yake usiku mwingi.

"Mimi sitakucheka," nikasema. "Siku ile Sori walicheka wote, mimi sikucheka. Ongea na mimi vile unaongea na wao. Sitaki zaidi ya hapo."

Bado hakukata simu, nami nikaanza kutumaini. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza. Halafu sauti ya mwanaume karibu naye ikauliza, "Nani huyo anakusumbua hivyo?"

Mume wangu akakohoa. Ile sauti laini ikarudi, nyororo, imenyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Sawa, mama," akasema. "Tumepokea malalamiko yako na tutayashughulikia. Asante kwa kuwa nasi."

Akakata.

Nilimrudishia jirani yangu simu yake. Alikuwa na chanuo mdomoni, akalitoa.

"Wamesema nini?"

"Wamesema watashughulikia."

"Ah, hao," akasema, akirudi kwenye kichwa cha mteja wake. "Hivyo ndivyo wanaambia kila mtu."