Shimizi na Kilo za Depo

Fulana ya kusukumia chuma, ambayo kwetu Kolwezi huitwa shimizi kama shati lolote, ni nguo ya kitambaa kigumu, mikono yake imeshonwa ikielekea mbele. Mtu akilala kwenye benchi na kushusha chuma, kitambaa kinavutika na kupinga. Akianza kukipandisha, kinamsaidia. Uzito ukiwa mdogo, kitambaa kinashinda na chuma hakifiki kifuani. Na chuma kisichogusa kifua hakihesabiwi.

Hayo nilijifunza peke yangu, kwa video za simu na kitabu cha Kifaransa nilichosoma na kamusi pembeni. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Mimi ni fundi wa redio; madini sijawahi kuchimba wala kuuza. Nilifanya mazoezi kwenye gereji ya nyumba yetu ya Dilala. Chuma chenyewe kirefu nilikinunua, kilo ishirini kamili. Vile vya duara vya kuongeza uzito vilikatwa na fundi wa kuchomelea kutoka bamba la mashine iliyokufa. Nilivipeleka kupimwa kwenye depo ya kununulia madini, kwa kuwa hakuna mizani kubwa karibu zaidi, nikaandika kilo za kila kimoja kwa rangi nyeupe.

Kila zoezi liliingia katika daftari. Kufuatana na daftari hilo, ndani ya shimizi chuma kiligusa kifua kuanzia kilo mia moja na arobaini. Chini ya hapo, hapana.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa shule. Kila mtu ana majaribio matatu, na uzito ukishautaja huruhusiwi kuupunguza. Asiyefaulu hata moja haandikwi katika matokeo. Bega langu la kulia lilikuwa limeanza kuuma, na nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba baada ya mashindano haya ya kwanza sitashindana tena. Nilitaka jaribio moja lihesabiwe, basi.

Nilianza na mia moja na arobaini. Chuma kilishuka vizuri, kikasimama vidole viwili juu ya kifua. Nilivuta kwa mgongo, nikabana viwiko mbavuni kama kitabu kilivyosema. Hakikusogea. Waamuzi wote watatu waliwasha taa nyekundu.

Nilidhani kosa ni la mwili wangu. Nilirudia uzito uleule, nikainua kifua zaidi, nikashusha polepole zaidi. Vidole viwili vilevile.

Mwenzangu wa mazoezi, dereva wa lori kati ya Kolwezi na Fungurume, alinisaidia kuketi.

"Mzee, shimizi imekukatala leo."

"Haijabadilika. Na mimi sijabadilika."

Mchimbaji mmoja aliyekuwa akishindana katika uzito wa chini yangu alikuwa akijipaka chaki pembeni. Aligeuka.

"Papa, kwako kule inagusaka?"

"Kila mara. Kwa mia na arobaini."

"Na byuma byako, ulipimia wapi?"

Nilimweleza ni depo ipi. Alicheka mpaka akachuchumaa.

"Ile mizani? Papa, njo inakulaka mizigo yetu! Unaleta gunia ya kilo makumi tano, inasema makumi ine na tano. Batu bote banajua!"

"Mimi sikujua."

"Basi mzee," dereva akasema, "weye njo mutu wa kwanza ile depo imemupatia nguvu."

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa ninahesabu. Ikiwa mizani inakula sehemu moja ya kumi, vyuma vyangu vilivyoandikwa kilo mia moja na ishirini vilikuwa na kilo mia moja thelathini na tatu. Ukijumlisha na kile kirefu, mia moja hamsini na tatu. Huko ndiko shimizi ilikokuwa ikikubali. Vyuma vya mashindano vilikuwa vya kweli, na kwa hiyo vyepesi mno.

Nilikwenda mezani nikaomba mia moja hamsini na tano. Mama aliyekuwa anaandika aliinua macho.

"Papa, umekosa mara mbili mia na arobaini. Sasa unapandisha?"

"Ninapandisha."

"Andika tu, mama," mtu alipaza sauti kutoka viti vya nyuma. "Aende kulala nayo!"

Nilijilaza. Dereva alinipa chuma mikononi, akaachia. Kilishuka kizito, kitambaa kikalia kwapani, na safari hii hakikusimama hewani. Nilikihisi juu ya mfupa wa kifua. Nilisubiri. Mwamuzi alichukua muda wake. Bega liliuma na sikusogea. Aliposema "sukuma", nilisukuma.

Mkono wa kulia ulichelewa kunyooka. Mwamuzi wa upande huo aliwasha nyekundu. Wengine wawili waliwasha nyeupe, na mbili zinatosha.

Mama wa mezani aliniuliza jina langu linaandikwaje. Nilimtajia herufi moja moja.